Vitanda vya Muko Kisimba

"Muko wangu! Mutu yangu mwenyewe! Karibu, ikala!"

Hivyo ndivyo Kisimba alivyompokea Mwenze kila mara, mikono wazi, meno yote nje, na kwa maneno hayo hayo ndivyo alivyomfunga mdomo. Maana kwa Waluba muko ni mkwe, na mkwe hadaiwi. Unamsalimia ukiwa umeinamisha macho, unauliza habari za watu wa nyumbani, unakunywa maji ukipewa, unaaga. Deni lako atalikumbuka mwenyewe siku moyo wake ukipenda. Na moyo wa Kisimba, jamani, ulikuwa mzito wa kukumbuka kuliko gogo la mulombwa lililolowa mvua.

Mwenze alikuwa fundi seremala. Atelye yake ilikuwa upande wa kambi ya reli pale Kamina, mabati manne juu ya miti, meza moja ndefu ya kazi, na harufu ya mbao iliyokuwa imemwingia hadi kwenye shuka. Kisimba alikuwa mjomba wa mke wake Christelle, ndugu wa tumbo moja na mama yake, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia yao hapo mjini. Alikuwa amejenga nyumba ya wageni karibu na stesheni, iliyopakwa rangi ya kijani, na siku moja akaja atelye mwenyewe, akapapasa mbao, akasema anataka vitanda vya vyumba vyote. Mbao nzuri. Haraka.

Fundi yeyote wa Kamina, hata yule asiyejua kupigilia msumari ukanyooka, anajua neno la kwanza la kazi: avansi, fedha ya kutanguliza. Bila avansi huendi kununua mbao. Mwenze naye alilijua. Alifungua kinywa kulisema, na Kisimba akamwekea mkono begani.

"Muko, kati yetu njo kunaweza kuwa avansi? Ile ni mambo ya bantu ya inje. Siye tuko damu moja."

Mwenze akalimeza neno lake. Na msimcheke haraka. Huyu alikuwa mtoto wa reli. Baba yake aliletwa Kamina na kazi ya reli kutoka mbali, mama yake tu ndiye alikuwa Mluba, na siku alipokwenda kuposa, watu wa Christelle walinong'onezana waziwazi kwamba watoto wa kambi ya reli hawajui adabu ya buko, yaani ya ukwe, wanasalimia wakwe kama wanavyosalimia wenzao kwenye mpira. Tangu siku hiyo Mwenze akajiapiza kwamba hakuna atakayemkuta na kosa. Akawa na adabu kuliko wenye adabu. Mluba wa kijijini, aliyezaliwa ndani ya desturi, angecheka kidogo, angekuna kichwa, angesema, "Muko, mwenye mbao yeye haiko muko wangu," na avansi ingetoka. Mwenze hakujua kwamba hilo nalo linaruhusiwa. Alichukua mbao kwa mkopo kwa Monga, muuza mbao, akafanya kazi.

Akafanya kazi ile, wee! Vitanda vya kulala rais. Na kilipopungua kimoja, kwa sababu Kisimba alikuwa ameongeza chumba bila kusema na wageni wa kwanza walikuwa njiani, Mwenze alibomoa kitanda chake mwenyewe, kile alichokitengeneza kabla ya harusi, akakisukuma kwa kigari hadi nyumba ya kijani. Christelle alisimama mlangoni akimtazama anavyoondoka nacho.

"Na siye tulale wapi?"

"Ku mukeka, wiki mbili tu. Akilipa natengeneza ingine, muzuri kupita hii."

"Mwenze, weye na ile buko yako," Christelle akasema, akacheka. Alikuwa na mimba changa, kicheko kilikuwa kinamjia kwa urahisi siku zile.

Kisimba hakulipa. Nyumba ya kijani ikafunguliwa, padri akainyunyizia maji ya baraka, wageni wakaanza kuja, wafanyabiashara wa samaki kutoka Bukama, watu wa miradi, mafundi wa reli. Kila mgeni alilipa kabla hajavua viatu. Waliambiwa hivyo mlangoni, kwa upole kabisa: hapa ni kulipa kwanza.

Halafu, tumbo la Christelle lilipoanza kuonekana, wakaja wajomba na kaka zake kutoka Bukama. Msemaji wao alikuwa nani? Kisimba. Alikaa kwenye kiti cha Mwenze, akakunywa bia ya Mwenze, akazungumza kwa sauti laini kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

"Muko, tunakupenda sana. Lakini desturi iko desturi. Mwanamuke hawezi kuzaa ku nyumba ya mutu mwenye hayamaliza mahari. Tunamurudisha ku mama yake, ku Bukama. Siku utamaliza, utakuya kumukamata na mutoto wake. Hakuna mutu atakukataza."

Mahari iliyobaki ilikuwa kidogo kuliko bei ya vile vitanda. Mwenze alijua, Kisimba alijua, na Christelle, aliyekuwa anafunga nguo zake kwenye chumba cha pili, alijua. Neno moja tu lingetosha. Toa kwenye kile ninachokudai. Mwenze alitazama miguu ya Kisimba, viatu vilivyong'arishwa, akasema, "Nimesikia, muko."

Sitaki kumtukana, lakini kuna siku adabu ya mtu inakutia hasira mpaka unatamani kumtikisa.

Christelle alitoka na mzigo wake. Hakulia. Kwa desturi yao kurudishwa si aibu ya mwanamke, ni heshima yake, ni familia kuonyesha kwamba binti yao hakuokotwa njiani. Lakini alipompita mumewe alimshika kidole kimoja, kile kidogo, akakivuta.

"Usikawie. Minyi siko mutu wa kungoya."

Akaenda, na nyumba ikawa kubwa. Mwenze hakuwahi kujua kwamba nyumba ya vyumba viwili inaweza kuwa kubwa hivyo. Alipika bukari, ugali wa kule, kwa kipimo cha watu wawili bila kukusudia, akaila yote kwa huzuni, akalala kwenye mkeka upande wake ule ule, akimwachia nafasi mkewe asiyekuwepo. Alimkosa kwa vitu vidogo vya ajabu. Alikosa jinsi alivyokuwa anagombana na mkaa usiowaka, akiutukana kwa Kiluba kama mtu. Alikosa kuulizwa, akirudi kazini, "Leo umekata nini, mbao ao kidole?" Mchana akiwa na randa mkononi, akiona mwanamke mwenye mimba anapita barabarani, moyo ulimruka, halafu ulirudi chini polepole.

Walizungumza kwa simu siku mtandao ukikubali. Christelle ilimbidi apande mahali palipoinuka, nyuma ya nyumba za Bukama, akiwa na tumbo lake.

"Anapiga mateke," alisema. "Anapiga sana kama saa ya kazi yako. Labda naye iko fundi."

"Weka simu ku tumbo."

"Mwenze! Bantu banapita!"

Lakini aliiweka. Mwenze, amesimama katikati ya maranda, alisikia kishindo cha nguo, upepo, ndege fulani. Hakusikia kingine. Alisema amesikia.

Alikwenda nyumba ya kijani mara nyingi. Kila mara, "Muko wangu! Ikala!" Kila mara maji baridi, habari za watu, na Kisimba akilalamika maisha yalivyo magumu, umeme, kodi, wafanyakazi wezi, huku nyuma yake mgeni anatoa noti na msichana wa mapokezi anazitia kwenye mtoto wa meza, ile droo. Mwenze alikuwa ameitengeneza droo hiyo pia. Alijua jinsi inavyofunguka bila kelele, kwa sababu alikuwa ameisugua kwa mshumaa mwenyewe.

Akamtuma Tata Maurice. Huyu alikuwa mzee mstaafu wa reli, ndiye aliyesimama kama msemaji wake siku ya kuposa, na msemaji anaweza kusema yale ambayo mkwe hawezi. Tata Maurice akavaa koti, akaenda asubuhi, akarudi jioni ananuka bia na kuku wa kuchoma.

"Ule mutu iko na roho muzuri," alisema.

"Alisema nini, Tata?"

"Alisema karibuni."

"Karibuni lini?"

Tata Maurice akafikiri kwa bidii. "Sikumuuliza," akasema. "Tulikuwa tunakula."

Monga muuza mbao, kwa upande wake, hakuwa muko wa mtu. Alikuja atelye na ndugu zake wawili, wakasimama tu, hawakugusa kitu. Kesho yake Mwenze akauza msumeno wake mkubwa ili kumpoza. Wateja wengine walikuja, wakaona fundi anakata mbao nene kwa msumeno mdogo, wakaenda kwingine. Ndivyo atelye inavyokufa, haianguki kwa kishindo, inapungua chombo kimoja kimoja.

Siku mtoto alipozaliwa, aliyepiga simu alikuwa Umba, kaka mkubwa wa Christelle. "Ni mwanamuke," alisema. "Mama yake iko muzima." Na akakata, maana simu za pale zinakula salio haraka. Mwenze alibaki na simu sikioni. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amelia duniani, na masikio yote ya Bukama yalikuwa yamemsikia ila ya baba yake. Hapo ndipo kitu ndani yake, kile alichokuwa amekibana muda wote kwa adabu, kikaachia.

Hakuoga. Hakubadili nguo. Alitembea mpaka nyumba ya kijani na maranda kichwani. Kisimba alikuwa barazani, mezani pamoja na wageni watatu na katekista wa parokia.

"Muko wangu! Mutu yangu mwe—"

"Papa Kisimba." Mwenze alimtazama machoni. Ilikuwa mara ya kwanza. Alishangaa kuona kwamba macho yale yalikuwa madogo na yamechoka. "Bitanda byangu. Unilipe. Leo."

Vijiko vilisimama. Katekista alitazama chini. Kisimba hakupandisha sauti, la, hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Aliwageukia wageni.

"Bantu, mulisikia? Muko anakuya kunidai mbele ya bageni."

"Mutoto wangu amezaliwa," Mwenze akasema, na sauti ikamvunjika vibaya. "Amezaliwa, na minyi siko kule. Unilipe niende kumuona mutoto wangu."

Kisimba akainuka, akaingia ndani, akatoka na bulungutu la noti lililofungwa mpira. Zilikuwepo! Zilikuwepo siku zote, jamani, pale kwenye mtoto wa meza! Akazihesabu mezani kati ya sahani, moja moja, kwa sauti, ili baraza zima lisikie, akamsukumia kwa ncha ya kidole.

"Sasa deni imekwisha," alisema. "Na buko nayo tutaangalia."

Mwenze alifika nyumbani anakimbia. Alikuwa amekwishapanga: hiki cha Monga, hiki cha mahari, hiki cha nauli. Alifua shati, akalianika likauke. Kabla hajalivaa, Tata Maurice alikuwa mlangoni, na safari hii hakunuka bia.

"Mwanangu, umeharibu," alisema. "Kisimba amewapigia simu Bukama, na familia imekaa. Wanasema umemvua nguo muko wako mbele ya watu. Wanataka faini kwanza. Bila faini hawapokei mahari, hata uwaletee pamoja na ng'ombe."

"Faini gani?"

Tata Maurice akataja. Mwenze akalitazama lile bulungutu. Ilikuwa karibu sawasawa, kana kwamba mtu amelipima.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, njia ya Bukama imefungwa. Mtoto atakua kule, atamwita mjomba wake baba. Unaijua desturi."

"Siijui!" Mwenze akapiga kelele. "Siijui, Tata! Njo mana nilikuwa naifuata!"

 Treni ya mizigo ikapita, vikombe vikatetemeka mezani. Halafu Mwenze akampa bulungutu lote, na Tata Maurice akalibeba kurudisha kule kule lilikotoka, maana faini ni ya aliyetukanwa. Hata ule mpira haukubadilishwa. Kisimba alipokea mikono miwili, akasema amesamehe, akamtumia muko wake salamu.

Tangu siku hiyo Mwenze hakupiga randa hata pigo moja bila avansi, awe mteja padri, awe rafiki. Wengine walinuna wakaondoka. Avansi ya kwanza iliyoingia, ya kabati la mwalimu mmoja, alitoa sehemu yake, akanunua tiketi ya kwenda Bukama. Mahari hakuwa nayo. Alijua wazi kwamba hatarudi na mke. Alitaka kuona tu.

Alifika mtoto akiwa ameshafungua macho vizuri, shingo imeanza kukaza. Nyumba ya wakwe ilikuwa upande wa mto, uani samaki wanakaushwa juu ya vichanja, moto wa jikoni unafuka. Umba alikuwa amekaa karibu na mlango wa ua anashona nyavu. Alimwona shemeji yake, akasimama, akaweka mkono kwenye mti wa mlango. Hakuwa mtu mbaya.

"Shemeji, ile mali haiyaisha," alisema. "Siwezi kukuingiza. Bazee bananiweka hapa."

"Sitaingia," Mwenze akasema. "Nasimama tu."

Umba akawaza. Akarudi kwenye nyavu zake.

Na Christelle akatokea kwenye kizingiti cha nyumba, ng'ambo ya ua. Alikuwa amekonda usoni. Kifuani alikuwa amembeba mtoto amefunikwa kitenge, hakuonekana hata unywele. Hakuvuka kizingiti, alikuwa amekatazwa. Walitazamana kati ya moshi wa samaki.  Mwenze aliinua kidole chake kidogo, basi. Christelle akaziba mdomo kwa mkono, na mabega yakaanza kumtikisika, na Mwenze hakujua kama ni kicheko au kilio, na alitamani vyote viwili awe karibu navyo.

Jikoni, mama yake Christelle, Mama Jeannine, alikuwa anageuza samaki kwenye moto. Sasa sikilizeni. Katika buko yote, hakuna ukuta mrefu kuliko ule ulio kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hawatazamani uso kwa uso. Hawaitani majina. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Tangu aoe, Mwenze alimjua mama huyu kwa kisigino na kwa sauti tu. Alipomwona anainuka jikoni, haraka akageuza uso wake upande wa mto.

Alisikia minong'ono kwenye kizingiti, ya mama na binti. Alisikia kitenge kinafungwa na kukazwa. Halafu nyayo, polepole, za mtu asiyeona anakokwenda, zikija upande wake. Akajiuma mdomo. Hakugeuka.

"Huyu mutoto," sauti ya Mama Jeannine ikasema, ikiuambia upepo, haikumwambia mtu, "sijui analala ao anaangalia. Minyi siwezi kumuona. Iko mu mugongo yangu."

Ndipo Mwenze alipoelewa, akageuka.

Mama yule alikuwa amevuka ua mzima akitembea kinyumenyume. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka mlangoni, mgongo kwa mkwewe, uso kwa nyumba yake, desturi yote mahali pake, haijaguswa hata uzi. Na mgongoni, amefungwa juu juu ili aonekane vizuri, kichwa kimeegemea pembeni, alikuwa mtoto. Alikuwa na paji la uso la Christelle. Masikio, maskini, alikuwa ameyachukua kwa babaye.

Umba akainamia nyavu zake kama mtu aliyeona tundu kubwa sana.

"Anaangalia," Mwenze akauambia mti wa mlango.

"Anaangalia nini?" upepo ukaulizwa.

"Ananiangalia minyi."

Mama Jeannine akavuta pumzi ndefu. Akajiinamia kidogo, ili mtoto ainuke zaidi.

"Basi angalia, mama," akamwambia mjukuu wake. "Angalia muzuri. Angalia sana."

Mtoto akatazama. Mwenze akaweka mikono yote miwili kwenye mti wa mlango, akaushika, kwa sababu ilikuwa lazima mikono ile ishike kitu. Moshi jikoni ukabadilika rangi, harufu ikaja.

"Mama, samaki inaungua!" Umba akasema.

"Iungue," Mama Jeannine akasema, na hakusogea.